Tumbo la Piano ya Mama

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Wifi hajambo? Sisi huku wazima, ila magoti yangu yananisuta kila nikipanda ngazi.

Nakuandikia kuhusu piano ya marehemu mama. Aliniachia mimi, nami nikakutwika wewe, miaka tisa sasa inakula vumbi karakanani kwako. Kwangu haiingii, naishi ghorofa ya nne na mlango ni mwembamba. Lakini nimewasiliana na mwalimu wa muziki wa shule aliyofundishia mama, na yuko tayari kuipokea. Nakuomba jambo moja tu: ifike ikilia vilevile alivyoiacha. Sauti yake mama ndiyo hiyo iliyobaki.

Dada yako

9 Aprili

Shikamoo dada,

Hatujambo. Wifi yako anasema magoti ni uzee; mimi simo.

Mwalimu alikuja. Aliipiga wimbo mzima akiwa amesimama, na wanafunzi wake wameshaifagilia pembe darasani. Nimemwomba wiki tatu niisafishe. Unanijua, kitu cha mama hakitoki kwangu na mchubuko. Nimeona pia ule ubao mpana nyuma ya nyuzi umebinuka kwa unyevu. Hilo niachie mimi.

Mdogo wako, fundi wa familia

14 Mei

Shikamoo dada,

Sote wazima. Piano imefika, wamefurahi. Kazi zimenibana, nitaandika kwa kirefu.

Mdogo wako

2 Agosti

Fundi wangu,

U mzima kweli? Barua zangu mbili hujazijibu.

Leo mwalimu ameniandikia. Anauliza, kwa adabu sana, kama familia imebadili mawazo, maana ile pembe bado tupu na watoto wamechoka kuulizia. Nimeona aibu hata kumjibu. Umeipeleka wapi?

Dada yako

20 Agosti

Shikamoo dada,

Afya ninayo, uso ndio sina.

Piano iko hapahapa, nimeifunika turubai. Nililegeza nyuzi, nikatoa fremu ya chuma inayozishika, nikauranda ule ubao mpaka ukanyooka kama meza. Nilijisifu, dada, nikamwita hata wifi yako aje aone. Nilipokaza nyuzi tena, ikawa kama kugonga sanduku. Nikamleta mzee mmoja fundi wa piano. Akaupapasa kwa kiganja, akaniuliza, "Tumbo lake limekwenda wapi?" Kumbe ubao ule hutengenezwa ukiwa na tumbo, yaani umebinuka kidogo katikati, na sauti hutoka humo. Miaka thelathini nashika mbao, na sikuuliza mtu. Anasema hautengenezeki.

Nilikudanganya kwa sababu nilishindwa kuandika kwamba nimemnyamazisha mama kwa randa yangu. Nisamehe, na kama huwezi, nitakuelewa.

Mdogo wako

11 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Nimekawia kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikutukana.

Nililia. Kisha nikajiuliza: katika miaka tisa, ni mara ngapi nilikuja kuigusa? Hata mara moja. Wewe uliiharibu ukiihudumia. Mimi niliyeachiwa niliitelekeza, halafu nikadai sauti. Aibu hii si yako peke yako.

Ipeleke hivyo ilivyo. Ila umwambie mwalimu kwa mdomo wako, usimwandikie.

Dada yako

19 Novemba

Shikamoo dada,

Tunaendelea, namshukuru Mungu. Magoti je?

Nimeipeleka. Nilimwambia mwalimu mlangoni, kabla hata ya kuishusha, maana nilijua nikikaa nitatafuta maneno mazuri. Akasema vidole vinaweza kujifunzia hapo, na sauti wanafunzi watatoa wenyewe. Kwa hiyo wanabonyeza, halafu wanaimba kila noti kwa midomo.

Kabinti kamoja kalibonyeza, ikalia "ko", kakanigeukia. "Mjomba, mbona haisemi?"

Darasa zima likanitazama. Nikasema, "Ilikuwa inaimba vizuri. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Kakafikiri. "Ilikuwa inaimbaje?"

Dada, unajua sijawahi kuimba mbele ya watu. Niliuanza ule wimbo wa mama wa kutulaza, nikaishia katikati. Sijui mwisho wake, siku zote nilikuwa nimeshalala. Wewe ni mkubwa, ulikuwa ukibaki macho. Wananisubiri Ijumaa. Niandikie mwisho wake.

Mdogo wako