Bima ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 2 Oktoba 2017
Nimempeleka mume wangu, Baba Furaha, kwenye mashine ya figo, nimemrudisha. Uji, dawa, amelala. Nami nimemeza vidonge vyangu vya sukari, nikafua mashuka. Kiwanda cha rangi alikostaafu kimetuandikia. Kuanzia Januari hakiwalipii tena wastaafu bima ya matibabu. Kila mzee atapewa posho, ajitafutie bima yake. Mume wangu alisoma barua, akaisukuma pembeni. "Walituahidi mpaka kufa," akasema. Hakula.

Alhamisi, 12 Oktoba
Mkutano wa wastaafu, ukumbi wa kanisa hapa mtaani kwetu Rosettenville. Wakala wa bima, kijana mwenye tai, alieleza mipango mpaka vichwa vikauma. Mzee mmoja aliuliza kama daktari wake yumo. Inategemea. Kila swali, inategemea. Eish. Nimechoka hata kabla ya kuchagua.

Jumanne, 24 Oktoba
Hataki kuchagua. Anasema akichagua atakuwa amekubali walichomfanyia. Namwelewa. Namkasirikia pia. Mashine haitangoja hasira yake iishe.

Ijumaa, 24 Novemba
Watu wa bima wamepiga simu. Siku za kuchagua zinakwisha. Baba Furaha aliwaambia waongee na mama, yaani mimi, akaenda kitandani. Siku ya mashine humwacha hana nguvu.
Binti wa simu alikuwa mpole. Posho inatosha mpango mmoja tu unaomwacha kwenye kliniki yake ileile, na ni kwa mtu mmoja. Tukitaka wote wawili, tushuke mpango wa chini, na yeye ahamishiwe kliniki ya mbali. Ile safari itammaliza.
Nikasema, "Basi nitoe mimi, abaki yeye."
Akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.
Karatasi walizoleta jioni, mume wangu alitia sahihi bila kusoma. Sijamwambia. Naogopa.

Jumatano, 10 Januari 2018
Kliniki inampokea bado, kwa bima mpya. Kiti chake kilekile, nesi yuleyule. Nilikaa nje nikapumua. Vidonge vyangu vinaelekea kwisha, nimeanza kumeza nusu. Ujinga, najua.

Jumamosi, 13 Januari
Amejua. Alipita duka la dawa anichukulie vidonge. Mfamasia akamwambia mama hayumo tena kwenye bima. Amerudi mikono mitupu, akakaa bila kuvua kofia.
"Kwa nini hukuniuliza?"
"Ulikataa kuulizwa."
Jioni akasema atawapigia simu wanirudishe, yeye ataenda hiyo kliniki ya mbali. Nikamwambia mpango haubadilishwi mpaka mwaka ujao. Akainama. Sijawahi kumwona akilia tangu tutoke kwetu Kalemie. Sikujua nifanye nini. Nilikaa karibu naye tu.

Jumanne, 23 Januari
Kliniki ya serikali. Foleni mpaka getini. Nilimkataza asije, jana tu alikuwa kwenye mashine. Alikuja. Alibeba kiti cha kukunja, akanikalisha. Baadaye nikamkalisha yeye. Tukapokezana hivyo, watu wakituangalia. Jua kali. Nesi amenipima, sukari iko juu. Amenigombeza kwa ile nusu nusu. Amenipa vidonge vya mwezi mzima, nirudi tena.
Tumerudi kwa miguu, polepole. Kwenye robot, zile taa za barabarani, alinishika mkono, tukavuka. Hakuuachia.