Mulango wa atelie yako

Kavira mujukuu wangu,

Habari ya Beni? Siye hapa Butembo, mutaa wa Kimemi, tuko bazima. Mama yako mukubwa ametoka kuvuna maharagi Vuhovi, anakusalimia sana. Unaniuliza mulango wa atelie yako ya kushona uufungie na kadena gani, juu bezi ni bengi.

Wakati wa vita nilikuwa nashona na babinti bengine kwa mama mukwe wangu, hapa Butembo. Kwa kuogopa basoda benye bunduki, alikuwa anafunga mulango kwa ndani na kadena kubwa, fungula anaifunga ku ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni, fundo ya nguvu. Bamama bote balifanya vile. Muchana moja, pasi ya makala ikaangukia vitambaa, moto ikawaka. Mama akashika fundo, lakini mikono ilitetemeka, fundo ikakataa. "Hapana kusukumana!" akalia, akaifungua na meno. Tulitoka bote. Habari ya moshi sitakuandikia.

Toka siku ile, kila nyumba alimoingia, hata kanisa, alijaribu kwanza mulango kwa ndani. Batu balimucheka. Mimi hapana.

Basi, usitie kadena; tia serire, kufuli ya ndani ya mulango, yenye kukatalia mutu wa inje, lakini ule wa ndani anashusha kishikio tu, anatoka bila fungula.

Nitakuja Noeli. Unifungie mule peke yangu, ubakie inje na fungula. Mikono yangu sasa inatetemeka kupita ya mama siku ile. Ikifungua, mulango ni muzuri.

Koko wako Masika