Wapangaji wa Tumboni

Baba watoto,

Maharage yapo jikoni, kabichi uimalize. ~~Nyama ipo kwenye friji.~~ Nyama ni ya Jumapili, usiiguse.

Asubuhi uliniudhi. Unasukuma sahani ya kabichi mbele ya watoto, eti, "Kwani mimi mbuzi?" Nesi si alikueleza mwenyewe? Tumboni mwako wamo bakteria wazuri, ndio wapangaji wako, na chakula chao ni mboga, maharage na matunda. Ukiwanyima unapata choo kigumu, na nyumba nzima tunasikia unavyoguna humo ndani.

Nikaenda kuvaa nimenuna. Mara nakusikia unatoka chooni unapiga mluzi! Mluzi, wewe! Kumbe kabichi ya jana usiku imewafikia wapangaji.

Basi, yameisha. Nakubali, wewe si mbuzi. Mbuzi hapigi mluzi.

Mama watoto