Sikupokea Kijiti kwa Kuitwa Boi

Kambi ya Jeshi,
Georgia.
10 Juni 1951

Mpendwa Shangazi Odessa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Detroit? Thelma ameshajifungua? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena, ndipo nikaona nikuandikie.

Unajua walinitoa kwenye udobi wakaniweka kwenye timu ya kambi ya mbio za kupokezana vijiti, Mweusi peke yangu. Sajini Prewitt anayetufundisha alinipasulia: nikiharibu narudi kufua, na Weusi wengine wasijisumbue kuja kujaribiwa. Na Otis na Purcell, wenzangu wa udobini, kila alfajiri wanakimbia na mabuti yao wakingojea zamu.

Anayenipa kijiti ni Haskew, Mzungu wa Mississippi. Mpokeaji hageuki nyuma. Anaanza kukimbia, akiitwa ndipo anatoa mkono. Wenzangu wanaitwa majina yao. Mimi ananiita "Boi!" Nilimweleza Sajini, akacheka: "Neno tu hilo, Vickers. Lina miiba?" Lina miiba, Shangazi. Baba aliitwa hivyo na watoto wadogo wa Kizungu, na mvi zake kichwani.

Jana yalikuwa mashindano na kambi nyingine kadhaa. Tulikuwa tunaongoza. Nikamsikia nyuma yangu, "Boi!" Nikakimbia, mkono nimeubana ubavuni.

"We boi, kiziwi?"

Mwisho wa sehemu ya kupokezana ulikuwa pale mbele, tukiuvuka tunatolewa, na timu mbili zimeshanipita. Ndipo sauti ikampasuka: "Vickers! Shika basi, Vickers!" Nikatoa mkono. Nilikimbia kama niliyeitiwa mwizi, tukawa wa pili.

Haskew akanijia kwa hasira. "Ungeshika tu, tungeshinda!"

"Ungeniita tu, tungeshinda."

Sajini ameniita ofisini kesho. Sijutii, kisha najuta, kisha sijutii tena. Purcell hakuitikia salamu yangu wakati wa chakula, na simlaumu, maana mlango nikiufunga nimemfungia na yeye. Otis alipita na sahani yake akaninong'oneza, "Amekuita kwa jina mara mbili, bwana. Nimesikia kwa masikio yangu." Sijui nicheke au nilie.

Nisalimie Thelma, Binamu Roscoe na Mama Hattie wa kwaya. Mungu akupe nguvu za magoti. Nawe ukipiga hayo magoti kuniombea, unitaje kwa jina langu lote.

Mwanao akupendaye,
Lemuel Vickers