Yai Linalorudi na Sahani

Mpendwa Bwana wangu, Baba Salim,

Tangu jana sijakaa kitako. Ndugu yako Athmani amerudi kutoka Mombasa, na nilipomuuliza hali yako huko hospitali alitazama chini. Anasema vidonda bado vinavuja, miguu imevimba, na kila siku sahani yako inarudi na yai na samaki wake vilevile. Unakunywa uji mwembamba tu. Eti ni mwiko wa mama yako.

Naukumbuka mwiko huo. Siku ile hapa Matondoni, sufuria ya mafuta na chokaa mliyokuwa mkichemsha kupaka tumbo la jahazi ilipokupindukia kifuani na mapajani, mama yako alisema kabla hata hatujakufunika: "Asile samaki wala mayai, kidonda kitatunga usaha." Sote tuliitikia, maana ndivyo tulivyolelewa.

Lakini yule nesi wa bara aliyekufunga bendeji kabla hujapelekwa Mombasa alinivuta pembeni. "Mama, hayo yanayovuja si maji matupu," aliniambia. "Yanatoka na protini, kile chakula kinachojenga mwili. Ngozi ndiyo iliyokuwa ikiizuia. Asipokula, mwili utaila nyama yake wenyewe, na hautakuwa na cha kuotesha ngozi mpya." Nikikumbuka shuka zako zilivyokuwa zikilowa, sasa najua kilichokuwa kikikutoka. Wewe uliyekuwa ukibeba mbao begani huku ukiimba, Athmani anasema mikono yako imebaki mifupa.

Unaikumbuka arubaini yangu nilipomzaa Salim? Nilitokwa na damu hadi nikashindwa kuinua kichwa, na supu ya kuku ilinichefua. Ulinishika kidevu, kijiko mkononi, ukanitania: "Fungua mdomo, mke wangu. Damu tele imekutoka, haitarudi kwa ndaa na tumbo tupu." Nililia, nikameza, nawe ukacheka nilivyokunja uso. Sasa wewe ndiye unayetokwa, nami sipo nikushike kidevu. Naogopa, Baba Salim. Hata shati lako lililotundikwa msumarini siwezi kulitazama.

Leo asubuhi nikajikaza, nikamweleza mama yako yote aliyosema nesi. Nilidhani nimemuudhi. Lakini aliinuka, akaenda kwenye banda la kuku wake, akarudi na mayai kwenye upindo wa leso, akayachemsha kwa mkono wake. Athmani anaondoka nayo kesho, pamoja na barua hii. Mama alikaa karibu yangu nikiandika, akanituma maneno haya: "Mwambie mwanangu, mwiko niliuweka mimi, na mimi nimeuondoa. Na ale."

Hujawahi kumkatalia mama yako chakula. Nakuomba usianze leo.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwetu. Athmani akirudi tena sitamuuliza hali yako. Nitamuuliza sahani tu, kama ilirudi tupu.

Mkeo akupendaye,
Mama Salim