Dakika Nne na Sekunde Kumi na Mbili

Ijumaa, 30 Agosti

Chronique ya kumi na mbili imetoka. Nimeandika tena "organique", Kifaransa cha kusema muziki una uhai wa asili. Ni mara ya saba — mdogo wangu Joviale anahesabu, kazi nyingine hana.

Kikundi chetu cha simu kinaitwa Masikio Mapya. Watu sitini na watatu, na arobaini kati yao ni ndugu zangu wa Bukavu niliowaingiza bila kuwauliza. Kila Ijumaa natoa maoni juu ya albamu moja mpya. Alternatif tu. Maana yake ni muziki ambao ukiupiga harusini, mama mkwe anauliza kama mashine imeharibika.

Ukweli nitauandika hapa tu, maana daftari halina mdomo. Kati ya albamu kumi na mbili, nimesikiliza nne mpaka mwisho. Nyingine, mara umeme umekatika, mara megabaiti zimeisha, mara usingizi. Ya leo nilisikiliza nyimbo tatu nikaangalia sana picha ya jalada. Mjomba Namegabe ameweka kidole gumba. Huwa anaweka kidole gumba hata kwenye tangazo la msiba.

Jumatatu, 2 Septemba

Léoncie Umugwaneza amekuja kazini kwangu! Kazini mimi si mchambuzi, ni mtu wa fotokopi, hapa mtaa wa Himbi kwa mama Athanasie. Léoncie anaimba na gitaa, na kibuyu anachokigonga kwa vidole. Nilimsikia mara mbili mwaka jana na mara zote mbili nilisahau kurudi nyumbani kula. Familia yake ilikimbia vita Rutshuru, sasa wako kambini Mugunga. Amemaliza albamu yake ya kwanza, nyimbo tisa, itatoka tarehe 28, siku ya watu kuisikiliza pamoja ukumbini. Anataka mimi niisikilize kabla ya watu wote. Nikasimama wima kama ninapigwa picha ya pasipoti.

Tuliweka simu mbili juu ya kaunta, nyimbo zikaanza kuhama, moja moja. Katikati mama Athanasie akaniita — mashine imemeza kitambulisho cha mteja. Nikaenda chumba cha nyuma, simu yangu mkononi. Niliporudi nikabonyeza tena, zilizobaki zikaingia.

Léoncie akauliza kama zimefika zote. Zote, nikasema. Sikuangalia.

Aliniachia na karatasi yenye orodha ya nyimbo. Mlangoni akageuka, akaniita yaya, kama kaka yake mkubwa: "Yaya Bashige, uniambie ukweli tu. Kama kuna kitu haiko muzuri, usinifiche."

Alhamisi, 5 Septemba

Nimesikiliza nyimbo zote tisa. Zote! Ndani ya stoo ya karatasi, wakati wa mapumziko, mgongo kwenye katoni.

Kwenye wimbo wa pili nililia. Mama Athanasie alidhani ni vumbi la wino, akanipa maji.

Lakini ni ule wa sita. Ni wa njia, watu wanashuka na mizigo, gitaa linatembea polepole kama mtu mwenye malengelenge. Mwishoni anasema "papa, geuka uangalie nyuma", kisha — pu! Unakatika. Katikati ya pumzi. Kimya. Halafu unaanza wa saba.

Nilibaki nimekaa. Hapa kwetu hakuna anayethubutu hivyo, wote wanamaliza wimbo kwa kurudia kiitikio mara kumi na sita. Nimeandika kurasa nne bila kunyanyua kalamu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nanakili hapa kipande cha chronique ya leo, kwa sababu najipenda: "Dakika nne na sekunde kumi na mbili, kisha kisu. Msanii mwoga angetuongezea mwisho. Yeye ametuachia kimya, na kimya hicho ni organique."

Watu wameituma huku na huku. Mtangazaji mmoja wa redio amesoma kipande hewani. Kikundi kimefika watu mia mbili na kumi na wawili, na hao wapya hata siwajui! Joviale anauliza kimya kinakuwaje organique. Nimemwambia asome tena.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa, mtu nisiyemjua amenisalimia "monsieur le critique", bwana mchambuzi. Nikapunguza mwendo ili anisalimie tena.

Léoncie ameandika: amesoma, amefikiri sana juu ya ule wa sita, asante. Mimi nimesoma "asante" mara tano. Hayo mengine niliyapita.

Jumatano, 18 Septemba

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi ameingia mzee mwenye kofia ya majira yote na fimbo ndefu, anataka kopi mbili za karatasi zake. Jina kwenye karatasi: Habarurema. Baba yake Léoncie. Akaniangalia. "Ni weye mwenye kusikilizaka? Ulisikia ng'ombe zangu?"

Ng'ombe gani? Sikusikia hata ndama. Lakini mchambuzi hawezi kukosa jibu. "Sana, muzee," nikasema. Na — Mungu anisamehe — nikaongeza: "Ni organique."

Akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha akanieleza, taratibu, mikono yote miwili juu ya fimbo. Kwao jioni mfugaji anaita ng'ombe zake zikirudi, kila mmoja kwa jina lake na sifa zake. Yeye alikuwa nao kumi na mmoja. Familia ilipokimbia vita, ng'ombe walibaki njiani. Tangu siku hiyo hakuwaita tena, maana utamwita nani? Mpaka Léoncie alipompeleka studio, akamwomba awaite mwishoni mwa wimbo wa sita. Akaanza na Bihogo, akaja Gaju, akaja Mukara. Kwa wa nane sauti ikampotea, akaenda hivyo hivyo mpaka wa kumi na moja. Tarehe 28 anakuja na wazee watano kutoka Mugunga. Mmoja wao, dume lake lililochungwa pamoja na hao limo ndani ya majina. Hawana picha za ng'ombe hao, wala ngozi. Wana huo wimbo.

Alipotoka nikafungua simu. Wimbo wa sita: dakika nne na sekunde kumi na mbili. Nikatafuta karatasi ya Léoncie, ilikuwa mfukoni mwa koti tangu siku ile, sikuwahi kuikunjua. Wimbo wa sita: dakika sita na sekunde arobaini.

Faili ilikatika nilipoingia chumba cha nyuma. Kisu nilichokisifu ni mimi, na mlango wa mama Athanasie.

Najituliza: albamu yenyewe ni nzima, mjinga ni mimi peke yangu. Hakuna aliyeumia.

Alhamisi, 19 Septemba

Ameumia.

Nilienda mtaa wa Katindo kwa Luc, aliyerekodi albamu. Studio yake ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Nikajifanya nina swali la kiufundi. Bila kugeuka kutoka kwenye mashine yake, Luc akaniambia sasa wa sita unaishia dakika nne na sekunde kumi na mbili. Léoncie alikuja Jumamosi, siku moja baada ya maandishi yangu kutoka, akiwa nayo mkononi, akasema kata pale. Luc alimuuliza mara tatu. "Alinijibu, yaya Bashige amesikiaka albamu mingi, anajua."

Nne! Nimesikia nne!

Muzee hajaambiwa. Ule mrefu Luc bado anao. Siku ya kusikiliza nyimbo zitapigwa kutoka kompyuta yake, na anaweza kuweka wowote, anahitaji neno moja la Léoncie. Akaniuliza kwa nini uso wangu umekuwa hivyo. Nikasema joto. Ndani ya chumba chake kulikuwa na baridi.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimeenda mazoezini kwa Léoncie kumwambia. Nilikuwa na hotuba tatu kichwani. Ya pili ilikuwa na neno "démarche", niliitupa njiani.

Léoncie alinipokea na beignet, andazi la moto, akaanza kuzungumza kabla yangu. Kwamba tangu mwanzo sauti ya baba yake pale ilimtia hofu. "Papa analiaka mule, yaya. Niliogopa batu bamucheke. Sikuwa na nguvu ya kumukatalia. Weye ulinipa ruhusa."

Kumbe sikumdanganya tu. Nilimkuta pabaya, pale alipokuwa ameelemea, nikamsukuma.

Nikasema, Léoncie, ile faili... Naye akasema bado kitu kimoja. Siku ya kusikiliza mimi ndiye msemaji, basi nimweleze baba yake kwa nini kimya ni bora. "Weye uko na maneno."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa beignet. Nikakubali kwa kichwa.

Nina aibu. Nilitaka kuandika hapa kitu cha kuchekesha juu ya ile beignet, nimeshindwa.

Jumanne, 24 Septemba

Nimemwambia Joviale yote. Hakucheka. Joviale, ambaye alicheka nilipoanguka kwenye komunyo yangu ya kwanza! Akaniuliza tu muzee atakaa wapi siku hiyo. Nikasema mstari wa kwanza, karibu yangu. Akasema, basi utamwangalia vizuri.

Nimeandika ujumbe kwa Léoncie. Nimefuta. Nimeandika. Nimefuta. Ndugu yangu wa Bukavu ameona jina langu likiandika kwenye simu kwa nusu saa, maana nilikuwa naandika kwenye mazungumzo yake. Anauliza kama naoa.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika nyuma ya programu. Daftari sinalo, nitaeleza.

Ukumbi wa parokia, Himbi. Saa tisa mchana, viti vimejaa, wengine wamesimama. Nimeshafungua sherehe. Sikusema "organique" hata mara moja, na Joviale, kule mlangoni, aliinua kidole kimoja kunipongeza. Nyimbo zinapigwa kwa mfuatano, watu wanasikiliza kimya. Ni albamu nzuri kuliko nilivyoandika.

Muzee Habarurema yuko kushoto kwangu. Amevaa koti la suti juu ya sweta. Wazee watano wako mstari wa nyuma yetu na fimbo zao. Kila wimbo ukianza ananiinamia: "Njo hii?" Nami: bado, muzee. Mara nne nimesema bado.

Wakati wa wimbo wa nne, mzee wa nyuma alimgusa bega akamnong'oneza kitu kwa Kinyarwanda. Nilishika neno moja, Gaju. Wakacheka kidogo, kama watu wanaokumbuka mwanamke mkorofi.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Léoncie yuko ng'ambo ya njia ya katikati, viti vitatu. Nikafungua daftari langu kwenye ukurasa wa tarehe 18, nikamwandikia juu kwa herufi kubwa SOMA HII SASA, nikampa jirani, jirani akampa mwenzake, likafika.

Anasoma. Wimbo wa tano umeanza, una dakika tatu.

Amemaliza ukurasa. Hajainua kichwa. Amefungua mbele, sasa yuko kwa Luc, kwa zile nne. Ameweka mkono mdomoni. Akicheka au akilia, kutoka huku naona bega tu. Sasa anarudi nyuma! Huko nyuma kuna wimbo wa pili na vumbi la wino. Kuna mtu aliyesahau kula mara mbili. Basi, asome. Daftari hili halijawahi kuwa na msomaji, na limempata anayelistahili.

Watu wengine wanadhani naandika uchambuzi. Mjomba Namegabe, aliyevuka ziwa kutoka Bukavu kwa ajili yangu, ameniwekea kidole gumba kutoka mstari wa tatu.

Gitaa la mwisho la wimbo wa tano. Luc ameinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Ananiangalia mimi. Namwonyesha Léoncie kwa kidevu. Sasa anamwangalia yeye, akingoja lile neno moja.

Léoncie amefunga daftari. Hamwangalii Luc. Anamwangalia baba yake.

Muzee amevua kofia, ameiweka juu ya goti. Ananiinamia. "Njo hii?"

Ndiyo, muzee, nimesema. Njo hii.