Ua Juu ya Povu la Kahawa

Mpendwa Bi Tekla, nisaidie kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, natengeneza kahawa kwenye mgahawa mmoja wa kuku na chipsi hapa Mwanjelwa, wenye matawi mpaka Iringa, na kila Alhamisi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mabati, huingia kijana anaitwa Junaid, mwenyeji wa Kihesa kule Iringa, analeta sokoni mchele wa Madibira, mabega yamejaa vumbi la pumba, ananiambia, "Dada Asmaa, nipe ile ya maziwa, povu liwe jingi bana," basi nammiminia maziwa polepole na kumchorea ua lenye petali tano, ambalo simchorei mteja mwingine yeyote, halafu nafunika vizuri isimwagike, naandika jina lake ubavuni mwa kikombe kama kampuni inavyotaka, anapokea, anashukuru, anaondoka akinywa njiani, nami nabaki nikipangusa kaunta ile ile mara tatu huku naiona nyumba yetu Kihesa, mapazia ya kijani, baridi iko nje na sisi tuko ndani. Miezi minne sasa, maua kumi na sita, na hajasema neno hata moja kuhusu ua, nami nimeelewa kwamba ananikataa kwa adabu. Sasa shangazi yangu Batuli ameleta posa ya mtu mwingine, mtu mwema hana kasoro, anataka jibu Ijumaa baada ya swala, nami nawaza mpaka maziwa yanaungua. Nikubali tu yaishe?

Asmaa, Mwanjelwa

Asmaa mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliota pamoja nawe, hata mapazia nikayaona. Mara ya pili nilicheka hadi mume wangu akauliza kuna nini.

Hebu rudi pale ulipoandika "nafunika vizuri isimwagike". Umefunika nini, binti? Huyo kijana ananyonya kahawa kwenye kitundu cha mfuniko huku anatembea, na akifika kwenye magunia yake ua limeshaingia tumboni. Miezi minne unamnunia mtu kwa kitu ambacho hajakiona! Wazee walisema mficha uchi hazai, na wewe umeuficha kwa mfuniko wa plastiki.

Leo hii mwambie Shangazi Batuli kwamba jibu hulina bado. Yule mwenye posa ni mwema, kwa hiyo usimkubali kwa sababu ya huzuni ya mtu mwingine, hastahili hivyo.

Alhamisi, Junaid akija, mwambie aketi. Mpe kikombe cha udongo, chora ua lako, usifunike. Liweke mbele yake na usikimbilie mashine. Akikoroga bila kuangalia, utalia siku mbili, kisha utampa shangazi jibu lenye akili. Lakini akiinua macho akuulize, "Dada Asmaa, hili ni la leo tu?" usiseme ndiyo. Mwambie ni la kumi na saba.